Karani wa Mizani

Msimu mzima nimepima korosho za watu,
gunia baada ya gunia, ghala la chama, Newala.
Mshale ukitulia, naandika;
ukicheza, nangoja.
Sijamwibia mtu hata robo kilo.
Basi siku nesi aliponiambia, "Panda,"
nilivua viatu kwa heshima ya mizani,
nikapanda,
na mshale haukucheza hata kidogo.

Akanidunga kidole. Tone moja.
Kimashine kikahesabu, kikalia kama kifaranga.
"Sukari, Mzee Nalinga. Unakula nini?"
Nikaona haya kutaja:
soda mbili za baridi kila mnada,
chipsi za stendi zinazoogelea mafuta,
mkate mweupe, chai ya vijiko vinne,
vyakula vya mtu aliyelipwa.

Akashika kalamu.
"Vidonge nakuandikia. Usiviache.
Na hivi navyo usiviache:
mbaazi za kuchemsha,
mchunga, ila usiukamue uchungu wote,
mlenda, majani ya kunde,
korosho kiganja kimoja, zisizo chumvi,
na ming'oko, ukiipata."

Ukiipata!
Nilicheka mpaka nesi akarudia kutazama kipimo.

Maana orodha ile naijua kwa tumbo.
Ni Januari ya utoto wangu, neno kwa neno:
kihenge kitupu, mahindi hayajafika magotini,
mama anatoka alfajiri na jembe la mpini mfupi
kushuka mteremko hadi msituni,
anarudi jua la utosi,
kucha zimejaa udongo mwekundu,
kapuni ming'oko myembamba kama vidole vyake.
Ilichemshwa na maganda yake.
Tukaimenya kwa meno, chumvi na pilipili,
tukanywa maji, tukalala.
Shuleni nikiulizwa nimekula nini,
nasema wali.

Jioni ile nilikwenda kwake na karatasi ya nesi,
nikamsomea kama anayesoma barua ya pongezi.
"Mama, kumbe ulitulea kwa dawa."

Bi Somoe aliendelea kupeta.
Makapi yakaruka, mbaazi zikabaki.
"Haikuwa dawa," akasema. "Ilikuwa njaa.
Dawa mtu hupewa kipimo chake.
Mdogo wako Fikirini aliila vilevile,
na degedege halikumuuliza amekula nini."

Ungo ukatua.
Akafungua pindo la kanga,
akatoa kidonge chake cha presha,
akakishushia kwa uji wa mtama,
akanitazama kama aliyemaliza hesabu.

Kesho yake tukashuka msituni,
yeye mbele, mimi nyuma nahema.
Msitu umesogea.
Tulipokuwa tukichimba zamani pana mikorosho imejipanga mistari,
na mingine ni yangu.
Tukapita. Hakusema neno,
ila kila mkorosho aliugusa gome
kama anayehesabu watoto wa jirani.

Mbele kidogo akasimama
penye kijikamba kikavu kinachopanda kichaka,
ambacho mimi ningekikanyaga.
Akagonga ardhi kwa kisigino.
"Hapa. Polepole.
Chukua miguu, kichwa kiache.
Kichwa ni cha mwakani."

Nikapiga magoti.
Miaka ishirini napima jasho la wengine,
leo langu linadondokea shimoni.
Udongo ukaingia kwenye kucha zangu za kalamu.
Mng'oko wa kwanza niliukata katikati;
wa pili ukatoka mzima, mrefu, una vinyweleo vya mizizi,
unanuka mvua ya zamani.

Mama akafukia kichwa, akashindilia kwa kiganja,
akaniambia kitu kwa Kimakonde
ambacho hakina Kiswahili chake,
karibu na "taratibu," karibu na "samahani,"
sikujua anamwambia nani.

Tulipopanda mteremko kapu lilikuwa kichwani mwangu.
Labda kilo moja. Labda na robo.
Sikupima.