Chenga

Dundee, duka la kona, Hilltown. Pakiti mbili:
oti bapa, kama zimepitiwa na gari,
dakika tatu tu zimeiva;
na oti za chenga, bei maradufu.

Nikacheka peke yangu mbele ya rafu.
Kwetu Muheza chenga ndizo tulizonunua
mwezi ukifika tarehe ishirini.
Mchele mzima ulikuwa wa wageni.

Majira yote ya baridi nilipika zile bapa.
Uji ukatoka mlenda, ukatoka gundi,
ungeweza kubandikia tangazo ukutani.
Ishbel wa ghorofa ya chini akachungulia sufuria:
"Huo wa mgonjwa. Tena asiye na meno."

Basi nikabeba chenga.
Nazikaanga kavu hadi jiko linukie njugu,
nazilaza majini usiku kucha.
Alfajiri, kabla ya zamu ya wodini,
moto wa kubembeleza,
mwiko wa Ishbel, mwembamba kama kidole,
chumvi mwishoni
(ya mapema huzinunisha punje, anadai. Sijui.)

Nusu saa nimesimama na soksi.
Punje hazikubali kuyeyuka:
zinavimba, zinabanana mabega,
kila moja na kiini chake.

Kijiko kimesimama wima.
Natafuna uji. Natafuna!
Simu inaita, mama, Muheza:
"Umekula nini?"
"Chenga, mama."

Kimya.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Mwanangu, nikutumie hela?"