Nusu

Asubuhi, kabla punda wa kwanza hajapita Langoni
na magunia yake ya mchanga,
mama huketi kitandani na wembe.
Kidonge kimoja, cheupe, kidogo kuliko punje ya kunde.
Hukiweka juu ya kifuniko cha kopo la maziwa,
akasema bismillahi,
akakikata.

Mimi nilidhani ni uzee.
Nilidhani koo limekuwa jembamba.

Daftari nalitunza mimi. Lilikuwa la hesabu, la mwanangu:
kurasa za mbele kugawanya kwa tarakimu mbili,
kurasa za nyuma presha ya bibi yake.
Mfungo Mosi, mia na sabini kwa mia.
Mfungo Pili, mia na sabini na nane kwa mia na nne.
Mfungo Tatu, mia na tisini,
na muuguzi Shekuwe akavua miwani:
"Anameza dawa kweli?"
Nikaapa. Jamani, niliapa.

Akaongeza dozi.
Dozi ikaongeza bei.
Kadi ya bima tumeilipia, lakini mtandao ulikuwa umelala,
na kwenye dirisha la dawa pamebandikwa karatasi: HAKUNA,
bila kusema hakuna nini.
Tukaelekezwa duka la nje,
ambako dawa ipo, imepangwa, inang'aa,
na muuzaji hakutazami usoni anapotaja bei.

Nikaongeza karai la pili la katlesi.
Nikauza mkufu,
kisha nikauza na kasha la mkufu.
Kaka yangu wa Mombasa akatuma mia tano
na ujumbe mrefu wa subira.

Jumanne moja unga uliniishia, nikarudi mapema.
Nyumba zetu mwajua zilivyokaribiana:
dirisha la mama na dirisha la Bi Thureya
zimebakisha kidogo tu kugusana paji.
Waliojenga walitafuta kivuli.
Sidhani waliwaza haya.
Mkono wa mama ulikuwa nje, umepinda kama tangawizi,
na wa pili umetoka ng'ambo, unatetemeka,
kiganja juu, kama wa mtu anayekinga mvua.
Chini yao akapita mtoto na ndoo, hakuinua kichwa.

Nusu ikavuka.

Bi Thureya hana kadi.
Mwanawe alikwenda Uarabuni, simu zikaja, zikapungua, zikakoma.
Kitambulisho chake kina kosa la miaka kumi na tisa:
kwa serikali
bado hajazeeka.

Sikupiga kelele. Nilikaanga nilichokuwa nacho.
Usiku ndipo nikamwambia,
mama, nusu haitibu. Nusu mbili ni wagonjwa wawili.
Akanitazama kama niliyeingia chumbani na viatu.
Nyuma yake zidaka za ukutani,
palipokaa sahani za Kichina za bibi yake
(nazo ziliuzwa, zamani, kwa ajili ya jicho la baba),
sasa pana vikopo, karatasi za kliniki, chupa tupu
asiyokubali nitupe.
"Na nikimsikia akianguka ng'ambo ile,
mimi nimelala na kizima changu tumboni,
nitasema sikusikia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hesabu.
Nilifungua daftari nikagawanya, nikagawanya tena,
nikabaki na baki.

Mfungo Nne. Mia na tisini na mbili.
Shekuwe, miwani mkononi, sauti ya kuchoka,
si ya ubaya:
"Nakuuliza tena, dada. Anameza?"

"Wanameza," nikasema.

Kalamu ikasimama hewani.
Hakuuliza kina nani. Alitazama mlango,
nami nikatazama alikotazama:
benchi lile refu, wazee ishirini na kitu,
leso, kofia, bakora, mifuko ya karatasi mapajani,
kila mmoja anangoja jina lake liitwe,
nami nikawa nahesabu, sikuweza kuacha,
madirisha yao
yanatazamana na ya nani.