Shufwa na Witiri

Bibi Ausma alinipigia Jumanne, sauti imembana:
"Reinis, njoo. Kala anavua nguo."
Kwa kuwa niliwahi kusoma elimu ya mimea,
muhula mmoja, nikaacha,
ukoo mzima huniita daktari kila jani linaponyauka.

Nikapanda tramu kuvuka Daugava.
Mto ulikuwa unaganda kandokando,
kama maziwa yaliyosahauliwa bila kifuniko.

Chungu kilikuwa dirishani, juu ya bomba la joto,
chungu cha kijani kilichomeguka mdomo.
Mwezi Juni lilichanua hapo ua moja jeupe,
limejiviringa kama karatasi ya mbegu za alizeti
wanazouza nje ya Soko Kuu la Riga.
Sasa ni majani matano, yamelegea,
rangi ya kiini cha yai lililochemka kupita kiasi.

Nyumba nzima ilikwisha toa hukumu.
Velta wa ghorofa ya pili: ni hilo bomba.
Mzee Gunars: maji, mama, unamzamisha.
Binti wa posta, akisubiri sahihi mlangoni:
dirisha lina ufa, upepo unapita.
Paka alishukiwa bila ushahidi,
kama kawaida.

Nikachomeka kidole udongoni.
Kikatoka kimelowa hadi fundo la pili, kinanuka kisima.
"Unamwagilia lini?"
"Akionekana ana huzuni."
"Na huonekana ana huzuni lini?"
"Kila siku."

Nikamweleza. Hafi huyu, anajiandaa kulala.
Jani huteremsha chakula chake chote kwenye tunguu,
kama mpangaji anayehamia chini ya sakafu,
kijiko kwa kijiko, sahani kwa sahani,
kisha anazima taa.
Acha maji. Mpeleke ghalani, penye giza na ubaridi.
Machi atagonga mwenyewe.
"Usingizi ni ndugu yake kifo," Bibi akasema.
Ndugu wa baba mmoja, nikamjibu,
lakini kila mmoja na nyumba yake.

Hapo ndipo nilipoyaona, kwenye kisahani cha chungu.
Majani mawili ya manjano, yaliyoanguka kwa hiari.
Na mengine mawili, mabichi,
mkato wa mshazari, safi, wa mkasi.

"Na haya?"

Bibi akageukia birika. Birika halikuwa limechemka.
"Kwetu mtu hai hupewa witiri," akaliambia birika.
"Moja, matatu, matano. Shufwa ni ya marehemu.
Babu yako nilimpelekea maua kumi na mawili,
nikayahesabu mara tatu, mvua ikiniingia shingoni.
Sasa huyu alikuwa na majani tisa. Likadondoka moja.
Manane, Reinis! Naamka, nafungua pazia, manane.
Nikakata moja, yakawa saba.
Likadondoka jingine."

Sikumaliza kumwambia kwamba hesabu hiyo ni ya maua,
majani hayamo.
Mkasi ulikuwa palepale, umelala juu ya kitambaa cha meza,
umefumba mdomo.

"Na yakiisha yote?" akauliza.
"Sifuri ni shufwa au ni witiri?"
Nikasema hesabu sikuisoma hata muhula mmoja.

Tukanywa chai. Nje walikuwa wanamwaga chumvi barabarani.
Sikulisikia likianguka; nilimwona Bibi tu,
alivyoacha kutafuna.
Manne.

Mkono wake ulikuwa unakwenda taratibu kuelekea mkasi.
Nikachomoa kijiko changu kwenye kikombe,
nikakifuta kwa leso,
nikakisimamisha udongoni katikati ya yale mashina,
kinang'aa, bakuli lake limeelekea dirishani.

Matano.

Bibi akakitazama muda mrefu.
Akavaa miwani, akakitazama tena.
"Basi hicho," akasema, "usiniambie nikimwagilie."