Kubana Mvua

Kilobiti themanini kwa sekunde.
Ndizo alizonazo Gwantwa kule Lupingu,
akipanda jiwe la nyuma ya zahanati
na kuinyoosha simu upande wa mlimani,
akiomba mnara wa Malawi usimteke.
Themanini. Sufuria ya kikombe kimoja,
nami nina msiba mzima wa kupika.

Barabara ilikatika Jumanne.
Leo Alhamisi, Tukuyu, tunamzika mama.

Nimeifunga simu kwenye mgomba kwa kamba ya katani.
Kompyuta iko stoo, juu ya gunia la mahindi.
Picha nimeipunguza hadi upana wa kiganja,
fremu kumi na mbili, basi,
kisha nikaifundisha mashine uchoyo:
kisichosogea usikitume mara mbili.
Mlima Rungwe upo, alishauona.
Ukuta upo. Migomba ipo.
Tuma midomo ya mchungaji,
tuma mikono ya Ambilikile kwenye sepetu,
tuma jeneza likishuka,
hilo usilibanie.

Ila mvua.
Kwa mashine kila tone ni habari mpya,
halifanani na la nukta iliyopita;
linakula biti zote, na uso wa baba
unageuka vigae.
Nikaiondoa. Kichujio kimoja tu,
kama kitambaa juu ya kioo.
Nyuso zikarudi. Nikaziona hata kope.
Nikajisifu, Mungu anisamehe, siku ile ile.

Saa kumi ukaingia ujumbe wa maneno
(maneno ni mepesi, hupita popote):
"Nimemwona baba. Nimeuona udongo. Asante, Ipyana.
Lakini miavuli ya nini, na mvua hakuna?"

Nikasimama mlangoni, nimelowa mabega.
Mama alichuma chai ndani ya mvua hii
miaka thelathini na minne.
Alituita kula kwa sauti
iliyojua kuipita kelele ya bati.
Na mimi nimemzika kiangazi.

Usiku huu niko na faili la asili, gigabaiti sita.
Nabana upya.
Fremu nimezishusha hadi nane,
rangi nimezififisha,
mchungaji nimemwacha avurugike kidogo, hatakasirika.
Nafasi niliyoipata nimeipa mvua,
si yote, haienei yote:
michirizi michache juu ya miavuli,
na bati likilia, sekunde kumi na moja.

Asilimia arobaini.
Gwantwa yuko juu ya jiwe, gizani;
kaniambia kwao kukavu.
Arobaini na moja.