Kigae cha Chini ya Dirisha

Nilianza na milioni tisini na tano.
Nikaiandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha bati,
nikakining'iniza rohani kwangu kabla sijakining'iniza roshani,
ghorofa ya tatu, Forest, kikitazamana na Loleza.
Ulikuwa mwezi wa tatu, ukungu umeulalia mlima,
na mteja aliyetaka kuiona ile mandhari niliyoitia kwenye bei
ilimbidi aniamini kwa maneno.

Hesabu naijua. Miaka thelathini na moja
nimefundisha asilimia, faida, hasara,
nimewakata watoto maksi kwa kusahau alama ya kutoa.
Kununua: hamsini na nane.
Vigae, sinki, bomba jipya toka tangi hadi bafuni,
kabati za mninga wa Chunya,
rangi ambayo dukani Mwanjelwa waliiita maziwa mgando
na ukutani ikawa maziwa tu:
ishirini na tatu na ushee.
Kiinua mgongo changu chote kiliinama pale.

Kisha mkandarasi wa barabara akamaliza kipande chake,
wahandisi wakafunga masanduku,
na vibao vya INAUZWA vikachipua Forest, Block T, hadi Isyesye,
kama magimbi baada ya mvua ya kwanza.
Dalali Asangalwisye akanipigia:
"Mwalimu, soko limelala."
Lilale, nikamjibu, litaamka.
"Limelala kifudifudi, Mwalimu."

Themanini na nane.
Themanini na moja, ambapo pesa yangu ingerudi bila hata asante.
Kila niliposhuka nilifuta kwa kitambaa na petroli kidogo,
lakini wekundu wa bei za zamani haukutoka wote,
wapita njia wakawa wanaisoma historia yangu.
Mmoja alipaza sauti toka kwenye bajaji:
"Mama, nasubiri ifike hamsini!"
Baridi ya Juni nililala humo, blanketi mbili,
nikihesabu gizani: ya mlinzi, ya taka, ya taa za ngazini.
Nyumba tupu nayo hula.

Julai akaja Bi. Namwinga wa Tunduma, muuza vitenge,
na mtu wa kumkagulia.
Fundi Mwashiuya. Yuleyule aliyenitandikia.
Tulipeana mikono kama wageni.

Akatoa sarafu ya mia mbili, akapiga magoti,
akagonga kigae kimoja kimoja: ti. ti. ti.
Sebule nzima ikatoa mlio wa saruji iliyoshiba.
Akafika dirishani.
Akakiruka kimoja.

Ninakijua kile. Siku ile saruji ilipungua bakuli moja,
jua linazama, akanitazama, nikamwambia, malizia tu.

Bi. Namwinga hakuona. Akafungua bomba, akafunga,
akanusa ndani ya kabati,
akasema sabini na sita, taslimu, Ijumaa.
Asangalwisye alinikonyeza hata nikadhani kope itadondoka.
Fundi akawa anaifuta sarafu yake kwenye suruali,
anaifuta, anaifuta.

Sijui kilichonituma. Labda chaki,
miaka yote ile ya kumwambia mtoto onyesha njia,
jibu peke yake halina maksi.
Nikaenda dirishani, nikakikanyaga.
Do.
Kama debe.

Nje Loleza ulikuwa wazi siku hiyo, mti kwa mti,
na hakuna aliyeutazama.
"Ni kimoja tu?" akauliza.
Kimoja, nikasema.
"Kimoja," fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Sabini na tano na nusu.

Dalali hajanisemesha hadi leo, ingawa chake alichukua.
Kibao nimekileta nyumbani, kinafunika pipa la maji.
Na nyuma ya risiti ya rangi nimeandika
tano na nusu, na ule ushee,
mbele yake alama ya kutoa.
Sikuisahau.