Uzoefu Unaohitajika

Stesheneri ya Mwanjelwa, saa nne asubuhi.
Kuchapa ukurasa mmoja shilingi mia tatu,
na kijana wa mashine ananiuliza bila kuinua macho:
"Dada, tena? Ile ya juzi haikujibiwa?"

Haikujibiwa. Wala ya Machi,
wala ile ya vyura wa Mufindi
niliyoiandika usiku kwa tochi ya simu.

Hii ni ya Kitulo.
Mtafiti msaidizi, nafasi moja, miezi mitatu,
posho ya kujikimu, bima hakuna.
Awe na shahada ya ekolojia,
awe na gambuti zake mwenyewe,
awe tayari kulala kwenye hema,
awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu.

Miaka mitatu!
Nilihitimu Novemba.
Joho lenyewe la kuazima, tulilirudisha siku ile ile.

Subilaga yuko Norwe kwa ufadhili, anasomea kuvu.
Ananitumia picha za theluji, nami namjibu:
Juni kwetu Matamba maji huganda ndooni, hunitishi.
Ambakisye, aliyetushinda wote kwenye takwimu,
anauza bima za pikipiki pale Kabwe.
Akiniona hunisalimu kwa majina ya Kilatini
ya nyasi zilizoota kwenye nyufa za lami.
Tunacheka, halafu mmoja wetu anatazama saa.

Narudi kwenye fomu. Eleza uzoefu wako.
Kistari kinawaka, kinazima, kinawaka.

Nieleze upi?

Nilikuwa na miaka tisa,
jembe la mpini mfupi, na macho.
Watu wazima waliona nyasi, mimi niliona chikanda,
bua moja lililonyauka kati ya mabua elfu.
"Mtangulizeni Yusta," walisema.
Ukifukua unakuta viazi viwili vimekumbatiana:
kimoja cheusi, kimesinyaa, cha mwaka uliopita,
kimoja cheupe, kimejaa, ndilo ua la mwaka ujao.
Tulichukua cheupe.

Mnunuzi alikuja na lori kutoka Tunduma.
Alivunja kimoja kwa kucha, akanusa, akalipa.
Madebe manne: sare na madaftari.
Madebe kumi na moja: kidato cha kwanza, ada na godoro.
Nilipofika kidato cha tatu
tulitembea kutwa nzima tukapata nusu debe,
na mama akasema, "Mwaka huu vimejificha."
Nilijua havijajificha.
Nilikuwa nimeshafundishwa kuhesabu.

Hayo yaandikwe wapi?
Kwenye kisanduku cha maneno mia mbili?
Kwamba mashimo mnayotaka yapimwe
mengine nayajua kwa upana wa jembe lake?
Kwamba wadhamini wangu wawili, mkitaka ukweli,
ni kiazi cheupe
na kiazi cheupe?

"Dada, malizia. Umeme huu si wa kuaminika."

Naandika: Mwombaji anaufahamu uwanda huo tangu utotoni.
Nafuta "anaufahamu uwanda huo".
Naandika: anadaiwa na uwanda huo.
Naiacha hivyo hivyo. Kurasa mbili, mia sita.

Nje, chini ya bati la muuza parachichi, nampigia mama.
"Mama, zile gambuti bado zipo?"
"Zipo. Ya kushoto inavuja kidogo." Kisha, polepole:
"Kwani unarudi kuchimba?"
"Hapana. Kuhesabu vilivyobaki. Wakinichukua."

Kimya. Nasikia kuku wake, nasikia upepo wa kule juu
ukipuliza ndani ya simu.

"Basi," anasema, "usianzie upande wetu, utalia bure.
Vuka kijito, panda mpaka kwenye yale mawe mawili.
Kule hatukuwahi kufika.
Nilikuwa nimechoka, na wewe ulikuwa umeshalala mgongoni."