Mstari wa Arobaini na Moja

Saa moja jioni, mizani imelala,
lori limeondoka na majani ya watu,
nimebaki na kompyuta ya ushirika
ambayo herufi J lazima uigonge mara mbili.
Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Ina ufunguo wake.

Nilianza kwa utundu tu.
Nikazibana safu za Ekseli
hadi visanduku vikawa mraba, vidogo kama punje za ulezi,
nikaiamuru: kilo ishirini na kuendelea,
kijani cha chai iliyotoka kuoga;
kumi, kijani cha mgomba uliochoka;
chini ya tano, kijivu.
Sifuri iache ilivyo.

Namba zikavaa nguo.

Usiku wa tatu nikawapanga wanachama upya,
si kwa alfabeti, kwa mteremko:
wenye vishamba vya kiganja juu,
kina Mwakalukwa na ekari zao chini,
na kwa kuwa Machi hakuna asiyechuma
katikati pakainuka, pakainuka,
nikasukuma kiti nyuma.
Rungwe! Mlima mzima, kwa kilo za watu,
na sikuongeza hata gramu.

Isipokuwa mstari wa arobaini na moja.
Atupakisye Mwaisumo, Machi, siku tisa:
nyeupe, pengo ubavuni mwa mlima
kama jino lililong'oka.

Kidole kikakaa juu ya sifuri.
Kumi na mbili, mara tisa, nani angejua?
Ila kilo ni hela,
na hela hiyo ningeitoa mfukoni mwa nani?
Sijawahi kuona rangi ya bei hiyo.
Nikazima. Nikalala vibaya.

Ijumaa ya malipo akaja kwa mkongojo,
akanyoosha shingo juu ya bega langu.
"Hicho ni nini?"
"Mlima."
"Na hapo palipotoboka?"
"Ni wewe, mama. Machi."

Akaangalia muda mrefu,
maji ya mwavuli wake yakichirizika sakafuni.
"Nilikuwa Makandana, wodi ya mifupa.
Dirisha langu lilitazama huko huko,
na siku zote tisa sikuuona.
Ukungu mtupu."
Akagusa kioo kwa ukucha mweusi wa utomvu wa chai,
pale penye weupe, polepole,
kama anayejaribu uji kama umepoa.

"Paache," akasema.
Kisha: "Haya, na hela yangu?"